Marumaru za chumba cha bibi

Mama alimchagua fundi yule kwa picha za kwenye simu. Alikuwa Msukuma kutoka Biharamulo mjini, na kila sakafu aliyotuonyesha iling'aa. Mama akasema nyumba yetu ya Kasulo nayo ipate marumaru, kuanzia chumba cha bibi.

Nyumba ni ya zamani. Babu aliijenga kwa matofali mabichi, na kuta zimesimama juu ya udongo tu, hazina msingi wa mawe. Nililijua hilo kwa sababu mimi ndiye ninayeziba nyufa kwa tope baada ya mvua. Lakini fundi hakuuliza, na mimi huwa siongei mbele ya wageni.

"Shikamoo bibi. Tunaomba utupishe kidogo," fundi alisema.

"Marahaba. Niwapishe niende wapi? Piga huko, mimi niko huku," bibi alijibu kutoka kitandani.

Fundi akacheka. Akainua nyundo kubwa, akaanza kuvunja sakafu ya zamani.

Kila alipopiga, vumbi lilishuka kutoka kwenye ufa wa ukuta, juu ya kichwa cha bibi. Ulikuwa mwembamba kama uzi. Baadaye ukapanuka, nikaona mwanga wa nje. Nilitaka kusema "acha", lakini Kiswahili changu huchelewa. Kilichonitoka ni Kihangaza.

"Hagarara!"

Nilimwambia fundi asimame. Yeye akadhani naongea na bibi.

"Ndiyo, mwambie atoke," alisema, akainua nyundo tena.

Nikaushika mpini kwa mikono miwili.

"We! Unamkaba fundi?" mama alifoka mlangoni.

Nilielekeza kidevu ukutani. Donge la udongo likadondoka juu ya mto. Fundi akatazama juu, akaiweka nyundo chini taratibu, tukambeba bibi na blanketi lake mpaka uani.

"Mnanibeba kama gunia la maharage!" alilalamika njia nzima.

Ukuta haukuanguka. Fundi aliuegemeza kwa mirunda, akamwambia mama kwamba akiendelea kuvunja haahidi kitu. Na marumaru zikipangwa juu ya sakafu ya zamani, sakafu itapanda na mlango hautafunguka. Labda azibe mashimo kwa saruji na kulainisha, basi.

Mama aliyatazama maboksi ya marumaru yaliyorundikwa kwenye kona ya chumba. Kisha akanigeukia.

"Wewe unasemaje?"

"Saruji," nilisema.

"Sema kwa nguvu," fundi alisema. "Leo nakuogopa."

"Saruji."

Mama akainama, akaanza kuyatoa maboksi nje.