Choo cha Mama Mkwe

Ugonjwa wangu una jina refu la Kireno, na daktari wa Pemba, ile ya kwetu Msumbiji, alilitamka huku akitabasamu, utadhani ananipa cheo. Mimi nikauita utumbo kuwaka, maana ndivyo unavyofanya. Unawaka, unatoka vidonda, unavuja damu, kisha unatulia hata ukadhani umepona, halafu unarudi siku uliyovaa kanzu nyeupe. Daktari alinieleza kwamba si sumu, si jini, wala si yule pweza niliyemla kwa shemeji. Askari wa mwili, alisema, wameacha kutafuta wezi na sasa wanampiga mwenye nyumba. Nikamwambia askari wa namna hiyo sisi tunawajua. Hakucheka. Alikuwa mtumishi wa serikali.

Kabla yake nilikuwa na magonjwa matatu na matabibu watatu. Macho yalipokuwa mekundu, shangazi aliniosha kwa maji ya waridi na kunisema kwamba nakesha nikitazama video. Magoti yalipovimba, alikuja mama mmoja wa kukanda, akanikanda kwa mafuta ya nazi mpaka nikatubu dhambi ambazo sikuwa nimezifanya. Tumbo lenyewe shehe alilinywesha kombe, maji yaliyooshewa aya. Hakuna aliyewaza kwamba macho, magoti na tumbo ni ugonjwa ule ule unaozunguka nyumba kwa nyumba. Daktari ndiye aliyeviunganisha. Akanipa vidonge vya kumeza kila siku, nikiumwa au nisipoumwa, kisha akaacha kutabasamu.

"Damu ikirudi pamoja na homa, na tumbo likajaa," alisema, "usingoje hata kidogo. Utumbo unaweza kupasuka. Ukipasuka, hatutakuwa na mazungumzo mengine."

Nilimwitikia vizuri sana. Watu wa pwani tunajua kuitikia.

Ilikuwa miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini, na kila mwenye Kireno cha shule akageuka ghafla kuwa mtu wa maana. Mimi nikapata kazi ya ukalimani kwenye mikutano. Wageni wa kampuni na wakubwa wa serikali walikuja kuwaeleza watu habari za kuhamishwa, nami nikawageuzia maneno. Mikutano ilifuatana mithili ya mvua za masika. Vidonge vikaisha. Pemba ni mbali, na barabara ya kupitia Awasse nilikuwa naijua kwa vichaka vyake: hiki kina kivuli, hiki kina miiba, hiki usikitegemee. Nikasema nitakwenda mikutano ikipungua. Haikupungua, na damu ikarudi. Mke wangu, niliyekuwa nimemwoa karibuni tu, aliniuliza kwa nini nakonda. Nikamwambia Kireno kinachosha.

Sasa, mkutano mkubwa kuliko yote ukapangwa kufanyika kwenye uwanja ulio mbele ya nyumba ya mama mkwe wangu.

Niseme kwanza habari za mama mkwe. Kwetu mkwe na mama mkwe hawazungumzi ana kwa ana. Nilipokuwa nimeketi barazani kwake, akitaka kuniambia chai imepoa, alimwambia kuku: "Ewe kuku, mwambie mgeni chai inapoa." Nami nilimjibu kuku kwa heshima zote. Mkwe hapiti mbele yake, hali chakula machoni pake, na juu ya yote haingii choo chake. Afadhali ukaibe nazi zake. Na choo hicho, ole wangu, kilikuwa kizuri kuliko vyote kijijini: sakafu ya saruji, uzio wa makuti mapya, mlango wa bati. Kilikuwa hapo hapo, hatua chache kutoka mahali nilipowekewa kiti.

Asubuhi hiyo niliamka na homa, na tumbo limejaa hata mkanda ukakataa tundu lake la kawaida. Maneno ya daktari niliyakumbuka barabara. Nikavaa shati jeupe, nikaenda kazini.

Mkubwa wa serikali, bwana mmoja wa kutoka kusini aliyekuwa akitokwa jasho ndani ya koti lake, akaanza. Kila atakayehamishwa, alisema, atajengewa nyumba mpya. Nilifika kwenye neno "nyumba", tumbo likanikata. Nikainuka, nikapita kando ya mlango ule wa bati bila kuutazama, nikakatiza uwanja wote mpaka kwenye mikorosho. Nikarudi. Akasema vijana watapata kazi. Nikainuka tena. Nikarudi nikiwa nimelowa jasho. Akasema wavuvi watalipwa fidia ya bahari yao, na kabla sijafungua kinywa nilikuwa tayari njiani.

Niliporudi mara hii, watu walikuwa wamesimama.

Mvuvi mmoja wa kijiji cha jirani, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alikuwa ameshika uwanja. "Mmemwona?" alisema. "Ikitamkwa ahadi, kijana anaondoka. Ulimi wake umekataa kubeba uongo!"

"Pengine anaumwa tumbo," akasema mtu.

"Mwenye kuumwa tumbo atakipita choo kile pale?" mvuvi akamjibu.

Watu wa kijiji chetu walijua vizuri nimeoa nyumba ya nani. Walinyamaza. Tafsiri ya yule mvuvi iliwapendeza kuliko ya kwangu. Wanaume wakaanza kukung'uta kanzu, wanawake wakakunja mikeka, na mzee mmoja akanishika mkono akaniambia wazazi wangu walizaa mwanaume. Kusema kweli, ushujaa ule ulinikaa vizuri. Nilisimama wima kidogo, kadiri tumbo lilivyoniruhusu.

Mkubwa akanigeukia na kuniuliza kwa Kireno kama nimetumwa kuharibu mkutano. Askari wawili waliokuwa wameegemea gari wakaacha kuegemea. Hapo ushujaa ukaniishia. Nikamwambia yote kwa Kireno: utumbo, vidonda, damu, lile jina refu la daktari lote bila kukosea silabi. Kwa Kireno haikuwa taabu. Kireno ni lugha ya ofisini, mtu anaweza kusemea matumbo yake bila kuona haya.

"Coitado!" akasema mkubwa, maskini we, na papo hapo akarudi nyuma hatua mbili akijifuta mkono alionisalimia nao. Nilitaka kumweleza kwamba hauambukizi, lakini sikupewa nafasi.

"Amesema nini?" watu wakapiga kelele. "Tafsiri!"

"Tafsiri, bwana! Si ndiyo kazi yako?"

Nikatazama huku na huku kumtafuta mkalimani. Mkalimani nilikuwa mimi.

Na mbele kabisa, kwenye mkeka wa kwanza wa wanawake, mama mkwe wangu alikuwa amekaa, leso imeshuka mpaka kwenye nyusi, akitazama chini kama inavyompasa. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha nikayasema. Nikasema kwa Kiswahili, mbele ya ukoo wote wa mke wangu, kwamba naharisha, kwamba si leo tu, kwamba ni ugonjwa wa kudumu, na kwamba choo kile nimekipita kwa sababu ya adabu. Neno la damu nililimeza. Hilo sikuweza.

Mara mtu mmoja akacheka puani, na uwanja mzima ukaangua kicheko, wale wa kampuni wakacheka bila kujua wanacheka nini, na yule mzee akauachilia mkono wangu taratibu.

Mama mkwe hakucheka. Aliinuka, akajifunga leso kiunoni, akachukua kopo la maji.

"Mpisheni," alisema.

Watu wakapisha. Akatembea mbele yangu mpaka kwenye mlango wa bati, akaufungua, akaliweka kopo ndani, akasogea pembeni na kunipa mgongo. Niliingia nikiwa nimefumba macho. Nje nilisikia akiwafukuza watoto kwa ufagio, na watu wazima pia.

Nikakaa humo kwa muda mrefu. Kisha sauti yake ikapita katikati ya makuti, chini chini, na haikuwa inasema na kuku.

"Wewe. Damu ipo?"

Swali hilo mke wangu hakuwahi kuliuliza, maana sikumpa nafasi. Nikauma midomo.

"Ipo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mfungo."

Nikasikia hatua zake zikisogea. Nikadhani amekwenda zake. Nikaanza kuona haya upya, haya ya mtu aliyekosea kila kitu kwa siku moja.

"Mwanangu hatakuwa mjane kwa ajili ya adabu yangu," alisema. "Ukitoka humo, unapanda gari la hao wenye gesi, na mimi nakaa kando yako mpaka sipitali. Njiani ukitaka kushuka, niambie mimi. Usimwambie dereva."

Nilijibu "ndiyo, mama," kisha nikajifunika uso kwa shati jeupe nikalia. Huko nje mwanamke mmoja alimuuliza mama mkwe mkutano umeishaje, naye akamwambia aende nyumbani akamuulize mumewe.