Kiti Kinachotazama Nyuma

Delmer Hauck hakuwahi kuoa, wala hakuwahi kulala nje ya Nebraska zaidi ya mara mbili. Miaka ishirini na minne alitengeneza mitambo ya kukaushia mahindi kwenye maghala ya kaunti yao, na vumbi likamwachia kikohozi cha asubuhi ambacho majirani walikijua kuliko sauti yake. Mashine aliyoigusa Delmer haikuzima. Hilo ndilo walilokuwa nalo la kusema juu yake.

Gari alilikuta siku dhoruba ilipoezua banda la kaka yake Orval, naye akaenda kusaidia kuokota mabati. Nyuma ya marobota ya nyasi iliyooza lilikuwepo gari la baba yao, lile refu la familia la mwaka 1964, ubavuni limebandikwa karatasi ya rangi ya mbao, mkia mrefu kama gari la kubebea maiti. Tangu mzee afe, Orval alikuwa akimwambia liliuzwa kama chuma chakavu.

Delmer alizunguka nyuma, akafuta kioo kwa kofia. Kiti cha tatu kilikuwepo, kile cha watoto, kinachotazama nyuma.

Alikuwa na miaka sita alipoketi pale na kumwona mama yao mara ya mwisho. Baba alikuwa amewapakia wao wawili na kumwacha. Mama alisimama peku kando ya sanduku la barua, mkono juu, akipungua, akipungua, hadi akalingana na nguzo za uzio. Picha zake baba alizichoma zote. Delmer alibakiwa na dirisha lile.

"Unalitaka?" Orval aliuliza, akitafuna tumbaku.

"Nalitaka, kaka."

"Ukiliwasha, lako."

Wakapeana mikono. Kwa watu wale mkono ndio hati. Ukishaupokea, kuomba karatasi ni kumwita mwenzio mwizi. Delmer hakuomba.

Alilifanyia kazi mle mle bandani, kila Jumamosi, mwaka mzima na zaidi. Alitoa gunia la viota vya panya. Pistoni zilikuwa zimeganda. Akamimina dizeli na mafuta ya gia ndani ya silinda, akangoja wiki tatu, kisha akasukuma krenki kwa nondo, unywele kwa unywele. Alitumbukiza mnyororo ndani ya tangi akalitikisa mpaka kutu ikamwagika kama chai. Orval alileta kahawa na kuketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Profesa, maiti ameamka?"

"Bado."

"Lazaro alilala siku nne tu, bwana. Huyu wako mvivu."

Delmer alicheka. Alidhani ni upendo, umechelewa njiani lakini umefika.

Julai ya mwaka wa pili injini ilikohoa, ikatapika moshi wa buluu, ikatulia ikinguruma. Delmer alilia wala hakujificha. Orval alisikiliza, kichwa upande, kama mtu aliye mnadani anayekagua fahali.

"Litatembea lenyewe?"

"Mpaka California."

"Si lazima lifike huko. Lifike tu uwanja wa maonyesho."

Jumamosi iliyofuata Delmer alikuta vioo vyote vimevunjwa na namba 71 imepakwa mlangoni kwa rangi ya machungwa. Kila Agosti maonyesho ya kaunti humalizika kwa mchezo wa magari makongwe kugongana matopeni hadi libaki moja linalotembea, na hakuna gari linalotamaniwa kwa mchezo huo kama lile refu.

"Kaka, tulipeana mkono."

"Kadi ya gari ina jina la nani?"

Delmer aligeukia mkia wa gari. "Basi nipe kiti. Kile cha nyuma tu."

"Nilikichoma jana. Sheria za mchezo, kisibaki kinachoshika moto." Orval akatema tumbaku. "Miaka yote unanisimulia mama alivyopunga mkono. Mimi nilikaa mbele na mzee. Kila nikigeuka, kofi. Mpaka tunavuka kaunti, makofi kumi na moja. Wewe ulimwona. Inakutosha."

Kisha akasema kwa upole, "Lakini linakosa mdundo mmoja. Hebu tega sikio."

Delmer alitega. Plagi ya tano. Angeweza kwenda zake. Angeweza kulegeza waya, na nani angejua? Akatoa spana mfukoni, akairekebisha. Mkono wake haukujua kuharibu.

Katika mchezo ule mwenye akili hagongi kwa pua, atapasua rejeta. Hugonga kwa kurudi nyuma. Siku ya maonyesho Orval alirudi nyuma kwa kasi, tena na tena. Pale alipokaa mtoto wa miaka sita ndipo palipokunjika kwanza, mlango wa nyuma ukaingia ndani hadi kwenye ekseli. Gari jingine lingezima. Jukwaani Delmer alianza kuliomba: zima, zima sasa. Magari kumi na matatu yalikufa moja moja. Hili liliendelea kunguruma, limebaki nusu ya urefu wake.

Orval alipanda juu ya boneti akicheka, akapewa kipaza sauti. "Msinipigie mimi! Simama, Delmer! Fundi ni mdogo wangu yule!"

Kaunti nzima ikageuka na kumpigia makofi, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Delmer alisimama. Hakujua aufanye nini mkono wake, akauinua juu, akaupunga polepole. Na kule matopeni Orval, aliyekuwa akimtazama, akaacha kucheka.