Kuta Tatu za Nyambizi ya Shemasi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa makopo sita ya mawese na kitambaa. "Osha," akasema Shemasi. Huo ndio uliokuwa mkataba. Leo nimestaafu, nina miaka kumi na sita, na ninawaandikia ninyi wadogo zangu wa grade eight mliobaki kanisani, msije mkasema hamkuambiwa.

Kiwanda chetu kilikuwa nyuma ya duka la simu la Shemasi, hapa mtaani Point, mlango unaofunguka kwa teke. Shemasi alikuwa Mkurugenzi. Mpwa wake Trezo, tunayesoma naye darasa moja, alikuwa Msaidizi wa Mkurugenzi, yaani mpiga picha za Mkurugenzi. Mimi nilikuwa Mhandisi Mkuu, cheo nilichojipa kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa amesoma kitu. Kanisa lilialikwa kupeleka kazi ya vijana kwenye maonyesho ya sayansi chuoni Westville, na Shemasi aliahidi mbele ya mama yangu kwamba atakayesimama kueleza ni mimi. Mama akanunua shati jeupe. Likumbukeni hilo shati.

Kwa bati la makopo yale tulijenga mfano wa nyambizi ya kwanza ya kijeshi ya Wajerumani. Ile ya kweli ina zaidi ya miaka mia moja na sabini. Iliundwa wakati wa vita na Wadenmaki, waliokuwa wameziba bandari kwa meli zao. Chombo cha chuma, watu watatu ndani, injini hakuna. Wawili wanazungusha magurudumu makubwa, wa tatu anashika usukani. Wakifika chini ya meli ya adui, mmoja anatoa mikono nje kupitia glavu zilizofungwa ukutani, anabandika bomu, halafu wanakimbia. Kwa gurudumu la kuzungusha, eish.

Aliyeibuni alikuwa askari wa cheo kidogo. Alitaka maji ya farumi yafungiwe kwenye matangi. Farumi ni ule uzito unaowekwa chini ya chombo ili kisiyumbe. Wakubwa wakabana fedha: bati liwe jembamba, matangi yaondoke, maji yakae tu chini ya sakafu. Siku ya jaribio omo, yaani pua, ikainuka. Maji yote yakakimbilia tezi, mkiani, na vyuma vya farumi vikafuata. Chombo kikalala chini ya bandari, yule askari na mabaharia wawili wakiwa ndani. Hakikupigana hata siku moja. Huo ndio utumishi wake wote jeshini.

Nikaapa chetu hakitakufa kifo hicho. Nikaweka viwambo vitatu, kuta za bati za kugawa tumbo la chombo ili maji yasikimbie. Wiki mbili nalehemu kwa kile kichuma cha kutengenezea simu. Vidole hivi viliungua.

Halafu akaingia Mama Protokoli, mkubwa wa wale wanaopanga nani akae wapi ibadani. Akachungulia ndani, akaona vinyago vyangu vitatu vya mti.

"Hawa batatu ni ba familia gani?"

"Ni Wajerumani, Mama."

"Kanisa iko na familia kumi na moja. Batatu bakikaa ndani, benye babaki inje batasema nini?"

Shemasi akakuna kidevu. "Mutoto, toa hizi kuta, bote baenee. Kila familia ilete mutu yake ya mti."

"Papa Shemasi, ukizitoa maji yatakimbilia nyuma. Itazama."

Wakacheka. Trezo alicheka mpaka simu ikamponyoka.

"Weye na mizaha yako!" akasema Shemasi.

"Safari hii sifanyi mzaha."

"Unasemaka hivyo kila siku!"

Nakiri, mwezi mmoja kabla niliwaambia waumini kwamba robot, zile taa za barabarani, zinapiga picha wanaochelewa ibada, na wazee wawili walianza kupita njia nyingine. Lakini mtu wa mizaha hawezi kuona shimo? Kuta zikang'olewa.

Tukaizindua Jumapili baada ya ibada, kwenye bwawa la ubatizo. Familia kumi na moja zikapangwa ndani kwa heshima zote. Shemasi akaomba, akafungua kidogo koki ya kuingiza maji tumboni. Pua ikainuka. Maji yakaenda nyuma, familia zikafuata. Ikazama.

"Muliona?" Shemasi akageukia watu. "Mutu ya mizaha ameharibu kwa makusudi. Westville ataenda Trezo."

Mama yangu aliinamisha kichwa, kwenye kiti cha mbele kabisa. Mpaka leo hilo ndilo linalonichoma. Si Trezo.

"Familia ziko chini!" Mama Protokoli alikuwa akilia. Wanaume wawili wakajaribu kuinua chombo, lehemu ikaanza kuachia. Mfuniko nao haukubanduka, kwa sababu maji yalikuwa yakiukandamiza.

"Acheni ijae," nikasema.

Wakanitazama kama mwendawazimu. Yule askari naye, alipowaambia mabaharia wake waruhusu maji yaingie, walimtazama hivyohivyo. Lakini hewa ya ndani ilipoanza kusukuma sawa na maji ya nje, mfuniko ulifunguka, wakatoka wote watatu wazima.

Nikazamisha mkono na lile shati jeupe la Westville, nikafungua koki yote. Mapovu yakatoka. Mfuniko ukalegea. Familia zikaibuka mojamoja kama mandazi kwenye mafuta, na kila moja ikapigiwa vigelegele. Mimi hakuna aliyenipa hata taulo.

Jumamosi simu ikalia.

"Mwanangu." Shemasi hajawahi kuniita mwanangu. "Hapa Westville mwalimu mumoja ameona picha, anauliza, ilizama juu ya nini? Trezo amenyamaza."

"Niliwaambia. Mkacheka."

"Sema tena, polepole. Niko naandika."

"Andika jina kwanza."

"Jina ya nani?"

"La aliyesema."

Nikasikia watu wakipita nyuma yake, kisha kalamu ikikwaruza. Halafu nikaeleza yote, kuta, maji, tezi, bila kutia chumvi hata punje.

Bango la maonyesho sasa limetundikwa dukani. Juu Mkurugenzi, kisha familia kumi na moja kama alivyopanga Mama Protokoli, kisha Trezo. Jina langu liko chini kabisa, kwa kalamu ya bluu, limebanwa ukingoni. Tezi. Ndiko kila kitu kinakoangukia ukuta ukitolewa.

Nilirudisha ufunguo wa ule mlango wa teke Jumatatu. Shemasi akaniuliza mwakani tujenge nini.

"Kuta," nikasema.

Akacheka.

Sikuwa nafanya mzaha.