Gobele Mbili za Mchele

Mdogo wangu alikufa akiamini kwamba daktari wa Kampala alimpunja. Hakumpunja. Niliyempunja ni mimi, dada yake, na nilipata karibu miaka miwili ya kumwambia, nisimwambie.

Ninauza mitumba ya wanawake Ndosho, hapa Goma, hasa sidiria. Mwanamke akisimama mbele ya meza yangu sihitaji futi. Namtazama mgongo kwanza, halafu kifua, halafu naingiza mkono kwenye rundo na kutoa yake. Mdogo wangu aliisifu kazi hiyo kwa kila mtu, kwa mama, kwa wenzake wa ofisini. Mimi shule niliiacha darasa la sita. Yeye alisoma mpaka chuo, akawa anaandika barua za Kifaransa katika ofisi ya kusafirisha mizigo. Kitu pekee nilichokuwa nacho cha kusifiwa naye kilikuwa hayo macho yangu.

Kulikuwa na kingine, na ni aibu kukiandika. Tulipokuwa wasichana yeye alikuwa bapa, kaka zetu wakamwita ubao. Mimi ndiye niliyekuwa na kifua. Yeye alikuwa na akili na sauti ya kwaya, mimi nilikuwa na kifua. Hatukuwahi kugawana kwa maneno, lakini ndivyo mambo yalivyogawanyika, na mimi nilikuwa nayahesabu hivyo moyoni. Alipomaliza kunyonyesha watoto wake wawili, hata kile kidogo alichokuwa nacho kilishuka. Alinionyesha mchana mmoja nyumbani kwake Katindo, mlango umefungwa.

"Yaya," aliniita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "angalia. Inabakia kama sokisi ya mutoto."

"Ba mama wote tuko vile."

"Weye hauko vile. Usinibembeleze."

Alikuwa ameshazungumza kwa simu na daktari wa Kampala, wa upasuaji wa kuongeza matiti. Hakuwa anatafuta mwanaume. Mume alikuwa naye, na mume alimwambia afanye anavyotaka. Alichoka tu kujaza vitambaa ndani ya gauni kila kukiwa na sherehe.

Daktari alimweleza kwamba vile vifuko vya silikoni havipimwi kwa herufi kama sidiria zangu, bali kwa ujazo, kwa mililita. Upana wa kifua angempima mwenyewe akifika, maana kifuko hakitakiwi kuzidi kifua kinachokibeba. Lakini ili ajue moyo wake unataka kiasi gani, atafute mchele, aupime, autie kwenye soksi za nailoni, avae ndani ya sidiria isiyo na sponji, siku kadhaa, akiendelea na shughuli zake. Akipata kiasi kinachompendeza, aandike namba.

Chombo chenye alama hatukuwa nacho. Ujanja aliupata yeye. Alijaza maji kwenye chupa ya soda ya sentilita thelathini, ambayo ni mililita mia tatu, akayamimina kwenye gobele ya plastiki, ile ya kunywea. Maji yalifika ukingoni kabisa, yasimwagike.

"Trois cents!" alipiga makofi. "Gobele moja, titi moja. Mungu anatuona."

"Muache Mungu kwenye hii mambo."

"Ni Yeye njo alianza kunipunguzia. Acha aone."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Halafu yeye akashika mdomo wa soksi na mimi nikapima mchele. Sasa, kila aliyewahi kununua kitu kwa kopo katika masoko yetu anaujua mkono wa muuzaji. Haukati mchele kwenye ukingo. Unauacha ukae juu kama mlima, halafu unaongeza kiganja kimoja cha matabishi, ile nyongeza ya bure, ili mteja arudi kesho. Kabla ya mitumba niliuza mchele na maharagwe miaka mingi. Mkono ulijaza gobele, ukaweka mlima, ukaongeza matabishi, ukamimina. Nilielewa nilichofanya gobele ilipokuwa tayari tupu. Ya pili niliijaza vilevile, nikijua, ili matiti yalingane.

Hapo ningesema. Lakini alikuwa ameshavaa na amesimama mbele ya kioo cha kabati. Alijigeuza upande, akarudi. Sijawahi kumwona akijitazama namna ile.

"Njo hii," alisema, ndiyo yenyewe. "Yaya, njo hii kabisa."

Nikajiambia nisimharibie furaha, nitamwambia kesho.

Alivaa ule mchele siku sita. Alipika nao, alikwenda nao sokoni. Kanisani tu ndiko alikoogopa kwenda nao. Siku ya nne alinipigia simu akicheka hata nisimsikie vizuri.

"Yaya, titi ya kushoto inamwanga mchele! Kuku ya jirani inanifuata!"

Akaja kwangu kuchukua sidiria nyeupe mpya, nikamchagulia kwa macho, ikamkaa sawasawa juu ya mchele. Kwenye daftari aliandika 300. Ile kesho yangu ilikuwa imeshapita mara sita.

Alivuka mpaka kwa miguu asubuhi, akapanda basi la Kampala. Siku ya tatu alinipigia kutoka kliniki, mimi nikiwa mezani na mteja. Daktari alikuwa amempa mifano ya vifuko avijaribu ndani ya ile sidiria nyeupe.

"Yaya, trois cents ya huku iko mudogo. Haifanane na mchele yetu. Trois cent cinquante njo inafanana. Docta anasema kifua yangu inaweza kuibeba. Nifanye je?"

Sababu ya hiyo hamsini iliyozidi niliijua. Nilihitaji kusema maneno manne tu: nilijaza mlima, chukua kubwa. Badala yake nilituona tumesimama pamoja kwenye harusi fulani, yeye na Kifaransa chake, na kazi yake, na sauti yake, na sasa na hiki pia. Mimi nibaki na nini?

"Shika ile yetu," nilimwambia. "Mchele haudanganye. Kliniki inakuharakisha."

"Kweli?"

"Nilishakosea saizi yako siku gani?"

"Hapana, yaya."

"Basi."

Kukosea kwa mkono ni kitu kimoja. Hii haikuwa mkono.

Alirudi na vifuko vya mia tatu, akapona vizuri. Uvimbe ulipokwisha alivaa sidiria nyeupe mbele yangu, na katika kila upande ukabaki mkunjo wa kitambaa, upana wa kidole. Kifua hakikuwa kibaya. Kilikuwa kizuri, na asiyejua asingeona kasoro. Lakini yeye alikuwa ameishi siku sita na kile alichokitaka, na hiki hakikuwa chenyewe.

"Alinipunguzia," alisema. "Aliniona Mukongomani, akasema huyu atajua nini. Aliweka ya mudogo, akaandika trois cents."

"Labda ni sababu ya musuli," nilisema. "Si walisema ikikaa chini ya musuli inaonekana mudogo?"

Ni kweli daktari alisema hivyo. Ndiyo maana nilijificha hapo, palikuwa na ukweli wa kutosha kunifunika.

Alimrekodia daktari ujumbe wa matusi. Kabla ya kuutuma alinisikilizisha. "Iko muzuri? Niongeze?" Nikasema inatosha. Daktari alijibu kwa upole kwamba karatasi za vifuko anazo na anaweza kumwonyesha. Mdogo wangu aliufuta ujumbe kabla haujaisha.

Hakuwa analia kila siku, nisiseme uongo. Alifanya kazi, alilea, aliimba. Lakini kila alipovaa kwa ajili ya sherehe aliushika ule mkunjo na kusema, "Mwizi yule," na mimi niko nyuma yake, namfungia zipu. Nilikuwa karibu kiasi cha kumnong'oneza. Nilipandisha zipu mpaka juu.

Malaria ilimpanda kichwani na kumchukua kwa siku nne. Haikuhusiana na kifua hata kidogo, nalisema hili ili mtu asidhani. Siku ya kwanza na ya pili hospitalini alikuwa na fahamu zake. Aliniuliza kama watoto wamekula. Nikamjibu wamekula. Nafasi ilikuwa hapo, juu ya kiti cha plastiki, mkono wake katika wangu, na nikajiambia apone kwanza.

Shangazi yetu kutoka Masisi na mimi ndio tuliomvisha. "Leta sutie yake ya muzuri," shangazi alisema. Sidiria nzuri ilikuwa ile nyeupe. Nilimfunga vifungo kwa nyuma, nikamlaza. Mkunjo ulikuwepo. Niliulainisha kwa kidole, ukarudi, nikaulainisha tena. Shangazi alinishika mabega akidhani nalia kama wanavyolia wengine.

Matanga yalipokwisha, kama mwezi baadaye, mwenzake wa ofisini alikuja mezani kwangu. Alisubiri wateja wapungue.

"Yaya, pole tena. Na miye nataka kufanya ile ya marehemu. Lakini siende kwa ule docta mwizi. Weye haujue mwengine?"

Nilikunja sidiria moja, nikaikunjua.

"Docta hakuiba," nilisema.

Nikamweleza yote, mlima, matabishi, simu ya kliniki. Nilisema haraka, kwa sauti ya chini, macho yangu kwenye meza. Aliniacha nimalize.

"Ju ya nini?"

"Wivu."

Neno hilo sikuwa nimelitamka kwa mtu yeyote, hata kwa padri.

"Alijua?"

"Hapana."

"Kwa hiyo ule docta alitukanwa bure."

Daktari sikuwa nimemfikiria hata siku moja. Mwenzake alikuwa na namba, maana mdogo wangu alimpa ili asikosee kumkwepa. Alibonyeza simu irekodi, akaisogeza mdomoni kwangu. "Sema."

Nikasema kwamba mimi ni dada wa yule mama wa Goma. Kwamba amefariki, na si kwa sababu yake daktari. Kwamba namba ilikosewa huku kwetu, na mimi nilijua. Kwamba yale matusi amsamehe, marehemu hakuambiwa.

Kesho yake yule mwenzake alirudi na jibu, akalifungua palepale. Daktari alizungumza Kiswahili cha kwao, polepole, akitafuta maneno.

"Pole sana, mama. Huyo ninamkumbuka. Nilimuuliza mara mbili, una hakika? Kwa sababu niliona ile ya mia tatu na hamsini ameishika mkononi, hataki kuirudisha. Halafu akaweka chini. Akaniambia, dada yangu amesema."

Mwenzake aliniuliza kama nataka kusikia tena. Nikasema hapana, nimesikia. Alitia simu mfukoni, akaaga kwa heshima, kama mtu anavyoaga mama wa rafiki. Tangu siku hiyo akipita barabara yetu hupita upande wa pili, na mimi simwiti.