Kidonge cha Jioni

Daktari wa Bujumbura aliyempa mama dawa ya saratani ya titi alizungumza nami, si naye, labda kwa sababu mimi ni mwalimu na nina uso wa mtu asiyesahau. Dawa ni ya kumeza, alisema, asubuhi na jioni, mara tu baada ya kula, na maji ya kutosha. Isipondwe wala kukatwa. Wiki mbili anameza, ya tatu anapumzika. Akitapika, asirudie. Akiharisha sana, aache na tupige simu siku hiyohiyo. Mtu mwingine asiishike kwa mikono mitupu, hasa mwenye mimba. Nilitoka pale nimekabidhiwa uhai wa mama yangu, nikaushika kama ninavyoshika darasa, yaani kwa ukali.

Mama aliishi peke yake Rumonge, nyuma ya soko, ambako harufu ya mawese haiondoki hata mvua inyeshe vipi. Kila asubuhi kabla ya shule nilipita kwake, nikamsimamia amalize uji, nikamtazama akimeza. Siku nyingine nilimwambia afungue mdomo nione. Alifungua, akanitolea na ulimi juu yake. Kidonge cha jioni nilimwachia mwenyewe, maana nina watoto, na mume asiyejua jiko liko upande gani. Isitoshe, jioni mama hakukosa mwenzake.

Mwenzake huyo alikuwa rafiki yake wa kijiji cha Gatete, mwanamke anayeanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, ufukweni. Tulimwita mama mdogo ingawa hatukuwa na undugu wa damu. Walikimbia nchi pamoja wakiwa wasichana, wakaishi kambini Tanzania mpaka wakazaa huko, wakarudi kwa lori moja. Akimaliza kuuza sokoni alipitia kwa mama, wakala pamoja, wakacheka mambo ambayo sisi watoto hatukuelezwa hata tulipouliza.

Mwanzoni dawa ilimtesa mama. Viganja viliiva vikawa vyekundu, ngozi ikabanduka vidoleni, hata kushika kikombe cha chai ikawa shida. Daktari alisema ndivyo dawa hiyo inavyofanya, akatuandikia mafuta, nikawa nampaka kila asubuhi. Baadaye viganja vikapona. Niliwatangazia majirani kwamba mama ameizoea dawa. Vidonge kwenye kopo vilipungua kama inavyotakiwa, kwa hiyo sikushuku kitu.

Kisha uvimbe ukaanza kukua upya. Daktari alipima, akauliza kama mama anameza dawa yote, akauliza tena. Nikajibu mimi, kwa sauti ya mwalimu mkuu, kwamba anameza yote. Mama alikuwa akitazama dirisha.

Siku chache baadaye mama aliniambia mama mdogo haonekani, anaumwa tumbo la kuharisha. Nilikwenda Gatete kumjulia hali. Nilimkuta mkekani, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Aliponyoosha mikono kunisalimu niliona viganja vyake. Alisema ni jua na mchanga. Mtu ambaye ameanika ndagala tangu arudi nchini, jua limuunguze leo! Nilikaa mkekani nikaishika mikono yake. Viganja vile nilivijua; vya aina hiyo nilikuwa nimevipaka mafuta kwa mkono wangu.

Hakuficha. Alikuwa amegusa kitu kigumu kwenye titi lake, akaogopa, akamwambia mama peke yake. Hakuomba chochote. Mama ndiye aliyemwekea kidonge cha jioni kiganjani, siku hiyo na kila jioni ya dawa iliyofuata.

Nilimpeleka hospitali, wakamtundikia serumu ya kumrudishia maji mwilini, wakakata kipande cha ule uvimbe kikapelekwa Bujumbura kupimwa. Halafu nikaenda kwa mama, nikamfokea kama sijawahi kumfokea mtu. Nilimwambia dawa si ugali, kwamba nusu haimponyi yeye, na kwa mwenzake imekuwa sumu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kule kambini, chakula ya mumoja tulikula wawili," akasema. "Sasa ningemeza namna gani, na yeye ananiangalia?"

Jibu hilo lilinikasirisha zaidi. Akauliza kama mama mdogo bado anaharisha.

Tulirudi kwa daktari. Saratani ya mama ilikuwa imefika kwenye ini, na dawa ile, hata akiimeza yote, haikuwa na kazi tena. Ingefanya kazi kama angeimeza yote tangu mwanzo? Nilimuuliza. Alisema hawezi kujua. Nadhani alinihurumia.

Majibu ya mama mdogo nilikwenda kuyachukua mwenyewe. Uvimbe wake haukuwa saratani. Ulikuwa kinundu tu, wanawake wengi wanacho na wanazeeka nacho. Nilimfikishia mama habari hiyo nikiwa na nia mbaya. Nilitaka ajute. Nilitaka alie mbele yangu kwa kugawa uhai wake bure, ili nami nipate pa kuanzia kumsamehe.

"Imana ishimwe," akasema, akimshukuru Mungu, na uso wake wote ukafunguka. Aliomba niende Gatete papo hapo, mwenzake asilale na hofu siku nyingine.

Nilikwenda. Mama mdogo alikuwa amepata nafuu, yuko ufukweni akigeuza ndagala kwa ufagio. Nilimwambia hana saratani, hajawahi kuwa nayo. Alinitazama, akauliza mama je. Nikamwambia na hilo.

Alitupa ufagio, akapiga yowe lile tunalopiga kwenye msiba. Wanawake waliokuwa wakianika waliacha kazi wakaja mbio, wakaniuliza nani amefariki. Niliwaambia bado.