Telegramu ya Homa Kidogo

Onema alikuwa mpiga telegramu wa posta ya Kindu, na kazini alikuwa hacheki ila kwa jambo moja: herufi kubwa. Bwana fulani mwenye tumbo lake huleta karatasi, jina la mkubwa wa Kinshasa limejaa kwenye anwani kama bango la chama.

"Tuma hivihivi, isije ikapotea!"

"Citoyen, kwa mashine yangu herufi zote ziko sawa. Andika kubwa, andika ndogo, itamufikia tu."

Bwana huondoka amenuna. Na Onema, lo, kwa kicheko hicho siku hiyo alikula vizuri!

Basi mwaka mmoja mkewe, Safi, akashikwa na homa. Sindano hazikufua dafu. Akaomba jambo moja tu, kumwona binti yao Riziki, aliyeolewa mji wa Kalima.

"Niitie mutoto wangu," alisema. "Nimuone kwanza."

Onema akakaa mbele ya mashine. Siku zote aliwakemea watu wa Kindu kwa ule mtindo wao wa kufunika habari mbaya, ati msafiri asilie njiani. "Kama mutu anakufa, sema anakufa!" Lakini huyu alikuwa Safi wake, na mkono ukagoma. Akatuma: Mama iko na homa kidogo. Njoo. Hilo "njoo" aliliandika kwa herufi kubwa, akaligonga hadi meza ikatikisika, yeye aliyejua kuliko wote kwamba Kalima litafika sawa na maneno mengine. Maskini Onema!

Safi alingoja. Kila lori liliponguruma barabarani, aliuliza kama ni Riziki. Alhamisi akafariki, uso ameuelekeza mlangoni.

Riziki alifika kilio kikiendelea, na kikapu cha mchele mpya wa kumpikia mama. Alipowaona wanawake wamekaa chini uani, kikapu kikamponyoka.

"Papa! Lori ya kwanza niliiacha ipite, nivune kwanza mupunga wa mama."

"Nilikuambia njoo, mwanangu."

"Uliniambia kidogo! Mwingine akisema kidogo, najua ni kubwa, ningekuja hata kwa miguu. Lakini weye, Papa, hujawahi kunificha kitu. Nikakuamini."

Onema alitaka kumshika mkono. Riziki akauondoa, akaenda kukaa na wanawake.