Mikono Magotini

Kidole tulimpa jina hilo kwa sababu alichapa kwa kidole kimoja. Tena kabla ya kuchapa "ndiyo" aligusa kitufe cha nafasi mara mbili, mazoea ya kibodi yake ya zamani iliyokuwa ikikwama. Hilo la nafasi nililijua mimi tu. Miaka saba tumekaa meza jirani. Kitinda mimba wangu alimbeba yeye kabla hata mama yangu hajamwona. Sasa niambie, mtu kama huyo utamwekea mlinzi?

Kazi yetu ni kupima zana za waandishi wa programu: je, akili mnemba inayofanya kazi peke yake itaziweza? Zana nyingi zimezoea binadamu. Zinauliza "una hakika?" halafu zinakaa kusubiri mtu, na mtu mwenyewe hayupo. Kwa hiyo kipimo kikianza, sheria yetu ni moja: mikono magotini, hakuna kugusa kibodi. Ikikwama, imekwama, andika sifuri. Cheti hutoka na sahihi ya mwenye meza.

Zana ya safari ile ilitengenezwa na shemeji yake Kidole. Mimi sikuambiwa. Asubuhi ilikwama mara tatu, palepale kwenye "una hakika?". Nilipoanzisha kipimo cha mwisho, Kidole akaja na kikombe cha chai.

"Shoga, macho yamekuiva. Hebu kanywe nje, nitakuangalizia."

Niliporudi, zana imefaulu. Nikafurahi, mjinga mimi! Kumbukumbu ya mashine sikuifungua. Nani anamkagua shoga yake? Nikatia sahihi.

Wiki ya pili mteja akaja amefura: zana imekaa siku mbili ikisubiri kujibiwa. Bosi akatuita, akafungua kumbukumbu ya kipimo changu. Baada ya "una hakika?" zimepita sekunde tisa, kisha: nafasi, nafasi, ndiyo.

Loo! Kikulacho ki nguoni mwako.

"Kidole," nikasema, "mwambie bosi."

Akaangalia viatu vyake. "Mimi sijui, bosi. Meza ni yake."

Nikaeleza habari ya zile nafasi mbili. Bosi akatikisa kichwa. "Nafasi anaweza kugusa yeyote. Sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

Nilifukuzwa siku hiyohiyo. Nilipokuwa nafungasha vitu vyangu nilimtazama, nikimsubiri aseme neno moja tu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono magotini.